Sindromu ya kasinoidi: msiusahau moyo

Mgonjwa wa sindromu ya kasinoidi, yaani dalili zinazoletwa na kemikali za aina fulani ya uvimbe wa saratani, akija kwangu, huanza kunieleza habari za kuharisha na uso kuiva wekundu ghafla. Ana haki, maana hayo ndiyo yanayomtesa kila siku. Mimi, daktari wa moyo, huuliza kwanza: vali zako, yaani milango ya damu moyoni, zimeshapimwa?

Mara nyingi chanzo ni uvimbe wa utumbo mwembamba unaotoa serotonini na kemikali nyingine. Ini huzivunja kabla hazijasambaa mwilini. Uvimbe ukishafika kwenye ini lenyewe, kemikali humiminika moja kwa moja upande wa kulia wa moyo, na serotonini huchochea kovu kuota juu ya vali. Vali ya trikaspidi, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande huo wa kulia, hukakamaa, hushindwa kufunga, damu hurudi ilikotoka. Upande wa kushoto kwa kawaida husalimika, kwa sababu mapafu nayo huivunja serotonini. Ila kama kuna tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, au uvimbe uko mapafuni, kinga hiyo haipo.

Kinachonitia hofu ni kwamba vali huharibika kimyakimya. Uchovu, pumzi kukatika na miguu kuvimba vikija, watu husema ni saratani tu. Ndiyo maana nasisitiza ultrasaundi ya moyo tangu ugonjwa unapogunduliwa, kisha irudiwe, hata kama sindano za oktreotidi, dawa inayozuia uvimbe kutoa kemikali hizo, zimetuliza kuharisha. Sindano hupunguza homoni, yaani kemikali hizo za uvimbe, lakini kovu lililokwisha kuota haziliondoi. Vali ikiharibika sana hubadilishwa kwa upasuaji, na ni heri ufanyike kabla moyo haujachoka.

Kabla ya upasuaji wowote, hata kuchukuliwa kinyama cha ini kwa sindano, mwambie mtaalamu wa usingizi ugonjwa ulio nao. Uvimbe ukichokozwa unaweza kumwaga homoni kwa mkupuo: presha huporomoka, mapigo huvurugika, kifua hubana. Oktreotidi iwe tayari mkononi.

Kuna pia pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3. Kwa kawaida takriban asilimia 1 tu ya triptofani, kijenzi cha protini tunachokipata kwenye chakula, hugeuzwa serotonini. Uvimbe hupora sehemu kubwa, na mwili hukosa ya kutengenezea vitamini B3. Ngozi inayopigwa jua hubabuka, akili huchanganyikiwa. Vidonge vya nikotinamidi hutibu, kwa hiyo huniuma kuiona imeachwa hadi hapo.

Na ukiagizwa kukusanya mkojo wa saa 24 kupima 5-HIAA, yaani mabaki ya serotonini iliyovunjwa, acha kwanza ndizi, nanasi, parachichi na nyanya kwa muda utakaoelekezwa. Hupandisha kipimo hicho, nasi hukitumia kukadiria hatari iliyo mbele ya vali zako.