Msesewe hauongezi kilevi kwenye mbege
Anayepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa mara ya kwanza hapa Moshi huambiwa azidishe msesewe, yaani gome la mti wa jina hilo, ili pombe iwe kali. Si kweli. Gome hilo huleta uchungu. Kilevi hutokana na sukari ya ndizi mbivu, ambayo chachu huila na kuigeuza pombe. Kimea cha ulezi nacho huchangia, kwa kuwa mbegu ikichipua wanga wake huanza kuvunjika kuwa sukari. Ukitaka nguvu, hakikisha ndizi zimeiva sawasawa na uji wa ulezi umepoa kabla ya kuchanganya, maana joto kali huua chachu. Na tafadhali, msesewe tia kidogo: ni mti wa jamii ya Rauvolfia, jamii iliyotoa dawa ya kushusha presha.