Programu huria Ulaya: yanayosemwa na yalivyo

Wengi wanaotazama filamu kwa VLC hawajui kwamba wanatumia programu huria, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996. Si ajabu, kwani programu ikifanya kazi vizuri nani ataulizia leseni yake? Lakini huko Ulaya leseni za namna hiyo zimebishaniwa bungeni, mahakamani na kwenye halmashauri za miji kwa zaidi ya miaka 20, na habari zinazotufikia kuhusu mabishano hayo mara nyingi zimepindishwa njiani.

Programu ni huria pale mtumiaji anapokuwa na haki nne: kuitumia kwa shughuli yoyote aitakayo, kusoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, ajue inavyofanya kazi, kuwagawia wengine, na kuibadilisha. Ikikosekana moja, programu hiyo si huria, hata kama hukulipa senti.

"Ni programu za wasio na pesa"

Gendarmerie ya Ufaransa haina njaa. Mwaka 2005 jeshi hilo la polisi liliacha programu za ofisi za Microsoft na kuanza kutumia zile huria za OpenOffice. Ilipotoka Windows Vista, toleo jipya la mfumo wa kompyuta wa Microsoft, wakubwa wake waliona kwamba askari wangelazimika kufundishwa upya kwa vyovyote vile, basi wakaamua kuhamia Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta wa familia ya Linux, ambayo baadaye waliifanyia marekebisho na kuiita GendBuntu. Leo inaendesha kompyuta zaidi ya 70,000. Pesa ziliokolewa, ndiyo. Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Gendarmerie ndiyo inayopanga lini ibadilishe mfumo wake. Haisubiri tangazo la mwenye bidhaa kwamba toleo la zamani limefikia mwisho.

Na biashara ipo. SUSE ya Ujerumani imekuwa ikiuza huduma za Linux tangu miaka ya 1990, na Nextcloud ya Stuttgart inaishi kwa kuwauzia wateja msaada wa kitaalamu juu ya programu ambayo yeyote anaweza kuipakua.

"Munich walijaribu wakashindwa"

Hii ndiyo hoja inayotolewa kila mara, kwa hiyo tuipe nafasi yake.

Mwaka 2003 baraza la jiji la Munich, Ujerumani, lilipiga kura kuachana na Windows na kuhamia Linux. Uamuzi huo uliitikisa Microsoft kiasi kwamba mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji ili aende kuzungumza na meya Christian Ude. Meya hakubadili msimamo. Mradi ukaitwa LiMux, ukachukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa, na kufikia mwaka 2013 kompyuta takriban 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Jiji lenyewe lilikadiria kwamba limeokoa zaidi ya euro milioni 10.

Mwaka 2014 akaja meya mwingine, Dieter Reiter, ambaye hakuupenda mradi huo. Mwaka 2016 Microsoft ikahamishia makao yake makuu ya Ujerumani ndani ya jiji la Munich. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Naziweka tarehe tu, kila mtu apime mwenyewe.

Je, wafanyakazi hawakuwa na malalamiko? Walikuwa nayo, na mengine ya haki kabisa: faili zilizotoka ofisi za nje zilifunguka zikiwa zimevurugika, na programu kadhaa maalumu za kazi zilidai Windows. Lakini washauri walioajiriwa na jiji lenyewe kuchunguza tatizo walikuta kwamba sehemu kubwa ya usumbufu ilitokana na jinsi idara za kompyuta zilivyogawanyika, kila moja ikivutia upande wake. Mpangilio wa namna hiyo ungeutesa mfumo wowote.

Tena wanaoisimulia habari hii huishia mwaka 2017. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ulioshika jiji ulikubaliana kwamba, pale inapowezekana, msimbo unaotengenezwa kwa pesa za umma uwe wazi kwa umma. Hilo ndilo dai la kampeni ambayo shirika la kutetea programu huria la Free Software Foundation Europe, FSFE kwa kifupi, liliianzisha mwaka 2017. Na kaskazini mwa nchi hiyohiyo, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta zake 30,000 za serikali zitahamia LibreOffice, programu huria ya ofisi. Mwaka uliofuata likahamisha na barua pepe. Kama Munich ingekuwa ushahidi kwamba jambo hili haliwezekani, Wajerumani wangekuwa wa kwanza kuliogopa.

"Msimbo ukiwa wazi, wadukuzi wanajipitia tu"

Hapa pana ukweli nusu, na watetezi wa programu huria nao hukosea wanaposema kwamba uwazi peke yake ni ulinzi. Kasoro ya Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya intaneti, kwa karibu miaka miwili kabla ya kugunduliwa mwaka 2014, huku nusu ya dunia ikiutegemea msimbo huo na watu wachache mno wakiutunza.

Mfano wa karibuni ni xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alijipenyeza taratibu kwa zaidi ya miaka miwili, akasaidia kazi, akaaminiwa, kisha akapandikiza mlango wa siri. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Akafuatilia, akachimbua msimbo, akaukuta mlango kabla haujasambaa kwenye matoleo yanayotumiwa na watu wengi. Aliweza kwa sababu msimbo ulikuwa mbele yake. Kwa programu iliyofungwa angeishia kumwandikia mwenye kampuni na kungoja majibu.

Somo ambalo Ulaya ililichukua ni kwamba lazima pawe na watu wanaolipwa kutunza misimbo hii. Rasimu ya kwanza ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa za kidijitali, mwaka 2022, iliwatia hofu watu wanaojitolea, kwamba wangebebeshwa wajibu uleule wa kampuni kubwa. Baada ya kelele nyingi, sheria iliyopitishwa mwaka 2024 ikawaondolea wajibu huo wasiofanya biashara. Sehemu kubwa ya masharti yake inaanza kutumika Desemba 2027.

"Kifaa nimekinunua, basi ni changu"

Ingekuwa hivyo, pasingekuwa na kesi. Kwa miaka mingi kampuni za intaneti za Ujerumani ziliwalazimisha wateja kutumia ruta (kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani) walizopewa na kampuni, hata kama mteja alikuwa na yake bora na salama zaidi. Ilibidi itungwe sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, ndipo Mjerumani akawa na haki ya kuchomeka ruta aliyoichagua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Italia nako kulikuwa na mnunuzi wa kompyuta mpakato aliyeikataa Windows iliyokuja ndani yake na kudai arudishiwe bei ya leseni, ambayo haikuzidi sana euro 40. Mkataba wa leseni ulimruhusu. Lenovo ikakataa, ikashindwa, ikakata rufaa. Mwaka 2020 mahakama ya Monza ikaitupa rufaa hiyo na kuiamuru imlipe euro 20,000 kwa kumsumbua. Wengi wetu tungeiacha euro 40 iende zake, na nadhani kampuni nyingi zinalitegemea hilo.

"Leseni huria ni maneno tu, tena ni chuki kwa Wamarekani"

Vuguvugu lenyewe lilizaliwa Marekani, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983; FSFE ilikuja mwaka 2001 kama shirika dada la Free Software Foundation ya huko Marekani. Na anayedhani leseni hizi hazina meno aiulize Orange, kampuni ya simu ya Ufaransa. Februari 2024 mahakama ya rufaa ya Paris iliiamuru kulipa mamia ya maelfu ya euro kwa kukiuka leseni huria iitwayo GPL ya programu ya kampuni ndogo ya Entr'Ouvert. Mdai Mfaransa, mdaiwa Mfaransa.

"Hayo ni ya Wazungu"

Takwimu za afya za Kenya na Tanzania zinakusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kwa ufadhili unaojumuisha fedha za walipa kodi wa Norway. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na wataalamu wa hapa kwetu wamekuwa wakiirekebisha ifuate mahitaji ya wizara zao.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kibali cha kampuni yoyote wala kuishawishi kwamba soko letu ni kubwa vya kutosha. Msimbo ulikuwapo na leseni iliruhusu. Kazi iliyobaki ilikuwa kukubaliana menyu iandikweje.