Muda wa safari kwenye programu ya kupanga njia: yanayoaminiwa Mombasa na yaliyo kweli

Mzigo ukichelewa Mombasa, lawama huangukia jamu. Lakini mara nyingi jamu ni ile ile ya jana na juzi, mahali pale pale, na nambari iliyoandikwa kwenye ratiba ilikuwa na kosa hata kabla gari halijawashwa. Hizi hapa ni dhana zinazozaa kosa hilo.

Dhana: ukijua kilomita na mwendo wa wastani, muda unao.

Programu huikata barabara vipande vidogo, kila kipande na urefu na mwendo wake, kisha hujumlisha sekunde. Kilomita 10 kwa mwendo wa 20 kwa saa ni dakika 30. Kilomita 10 nyingine kwa mwendo wa 80 ni dakika 7.5. Jumla ni dakika 37.5, na wastani halisi ni kilomita 32 kwa saa, wala si 50 kama wengi wanavyojumlisha na kugawa kwa mbili. Kwa hiyo sehemu ya polepole ndiyo inayotawala. Dereva akipandisha kutoka 80 hadi 100 kwenye kile kipande cha pili, ameokoa dakika moja na nusu tu.

Tazama pia nambari ambazo programu huanza nazo. OSRM, programu ya kukokotoa njia inayotumiwa na wengi kwa sababu ni ya bure, kwa kawaida humpa mwenye gari dogo kilomita 85 kwa saa kwenye barabara kuu isiyoandikiwa kikomo cha mwendo, na 25 kwenye mitaa ya makazi. Kila taa ya kuongoza magari huongezewa sekunde 2. Lori nchini Kenya haliruhusiwi kuzidi 80, kwa hiyo ukilipangia trela safari ya Mariakani kwa wasifu wa gari dogo (yaani mipangilio ya mwendo wa gari la aina hiyo), umekosea kabla hata halijaanza kupanda kuelekea Mazeras. Tengeneza wasifu wa lori peke yake.

Dhana: feri ya Likoni ni dakika chache.

Kuvuka kwenyewe, ndiyo. Mlango wa Kilindini hapo una upana wa kama nusu kilomita, na OSRM isipokuta muda ulioandikwa kwenye ramani hukipa kivuko mwendo wa kilomita 5 kwa saa, yaani dakika 6 hivi. Hesabu hiyo haina foleni, haina kupakia, wala haina kusubiri meli inayoingia bandarini, maana feri hulazimika kuipisha. Matokeo yake programu huweza kulituma gari lililotoka Miritini kwenda Ukunda lipite kisiwani na ferini, ilhali barabara ya Dongo Kundu ingelifikisha Kusini bila kugusa maji wala foleni.

Dawa yake ni kupima. Dereva aandike saa tatu: alipojiunga na foleni, magurudumu yalipopanda feri, na alipotoka ng'ambo. Fanya hivyo kwa wiki mbili angalau, siku za kazi na za mapumziko zikiwa mbali mbali. Chukua namba ya katikati (ile inayoangukia katikati ukizipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa) kwa kila kipindi cha siku, kisha iingize kwenye lebo ya duration ya kivuko, yaani sehemu ya data ya ramani inayoandikwa muda. Ifanye kwenye nakala yako ya ramani, usiiguse OpenStreetMap ya umma, ramani huria ambayo OSRM huisoma, kwa sababu kule lebo hiyo ina maana ya muda wa kuvuka na kila mtu huitegemea. Asubuhi foleni huelemea upande wa Likoni, jioni upande wa kisiwani. Basi chora kivuko mara mbili, kila mstari ukielekea upande mmoja, kila mmoja na muda wake. Na kwa kuwa OSRM hushika hali moja tu kwa kila data uliyoijenga, jenga tatu: ya asubuhi, ya mchana na ya jioni.

Dhana: ukipima kwa mstari nyoofu na kuongeza kidogo, inatosha.

Kwenye mji wa bara huenda ikafaa. Mombasa ni kisiwa. Kutoka ukingo wa Mji wa Kale unauona upande wa Nyali mbele ya macho, lakini gari lazima lizunguke kupitia Daraja la Nyali. Programu zinazopanga mizigo kwa umbali wa ndege huunganisha wateja wa pande hizo mbili kwenye safari moja, eti ni majirani.

Kuna kosa jingine la aina hiyo. Pini, yaani alama ya mahali pa mteja kwenye ramani, huvutwa na barabara iliyo karibu nayo zaidi. Ikiangukia kichochoro cha Mji wa Kale kilichochorwa kama barabara ya magari, muda utakaotoka hautawezekana kamwe. Weka pini pale lori linapoweza kusimama.

Dhana: programu ikipunja, zidisha yote kwa 1.5.

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Chukua mfano wa hesabu: programu inasema dakika 10, safari inachukua 19; inasema 40, inachukua 55. Ukishika uwiano wa safari fupi, 1.9, ile ndefu itakuwa dakika 76 na utaajiri magari usiyoyahitaji. Lakini zidisha kwa 1.2 kisha ongeza 7, zote mbili zinakaa sawa. Ile 7 ni muda usiopungua hata safari iwe fupi vipi: kutoka getini, kuingia raundabauti, kutafuta pa kuegesha. Kabla ya kukokotoa, ondoa kwenye rekodi za GPS mapumziko ya chakula na ya swala. Ukimwahidi mteja saa, usitumie namba ya katikati. Tumia ile ambayo safari 85 kati ya 100 hazikuizidi.

Muda wa kushusha mzigo haumo kwenye muda wa safari unaotolewa na programu. Vituo 12 kwa dakika 8 kila kimoja ni dakika 96, na sharti uziingize mwenyewe.

Dhana: data ya miezi iliyopita inatosha mwaka mzima.

Mwezi wa Ramadhani msongamano husogea, watu wakiwahi nyumbani kabla ya magharibi. Weka kipindi chake peke yake.

Dhana: saa ni saa.

Mteja akisema "niletee saa mbili," na karani akaandika 02:00, programu itapanga usiku wa manane bila kulalamika. Kwenye programu andika 08:00, kwenye karatasi ya dereva andika saa 2 asubuhi.