Je, wajua kwa nini RAM mbili za GB 8 huendesha gemu vizuri kuliko moja ya GB 16?

Kila mwanafunzi aliyeniomba ushauri wa kompyuta ndogo ya masomo na gemu za kupumzikia nilimwambia achukue yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) moja ya GB 16, aiache nafasi ya pili wazi hadi atakapopata fedha za kuongeza. Nilikosea, na kosa lenyewe lilitokana na kudhani kwamba GB hupima kasi.

GB hupima ni kiasi gani cha data kinaweza kukaa ndani ya RAM, basi. Dhana hii haing'oki kwa sababu ina chembe ya ukweli: RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mizigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, hivyo anayetoka GB 4 kwenda GB 8 huona nafuu kubwa na kuhitimisha kwamba kila GB huja na kasi yake, ilhali alichopata ni kuondokewa na msongamano tu. Tena anayeandika insha na kufungua kurasa za intaneti hawezi kuligundua kosa hili, kwa kuwa kazi hizo hazitofautishi sana RAM moja na mbili. Gemu ndiyo huumbua.

Kompyuta nyingi za bei nafuu hazina kadi ya michoro ya peke yake. Chipu ya michoro imo ndani ya prosesa na huazima RAM ileile. Tuchukulie RAM kuwa ghala: GB ni ukubwa wa ghala, na kila njia ya kuifikia ni mlango. Wapagazi wa prosesa na wa michoro hupishana mlangoni, na ghala likiongezwa ukubwa bila mlango wa pili, foleni inabaki palepale. RAM moja ya aina ya DDR4-3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Mbili, katika njia mbili, hufikia 51.2. Kadi ya michoro ya GTX 1650 ya mwaka 2019 ilikuja na ghala lake lenyewe, linalopitisha GB 128 kwa sekunde.

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kwa baiti 4 kila nukta na picha 60 kwa sekunde, kuonyesha tu picha iliyokwisha kuchorwa hutumia karibu MB 500 kila sekunde, na uchoraji wenyewe, ambao hurudia nukta ileile mara kadhaa, haujahesabiwa.

Hata hivyo, mlango wa pili hauongezi picha maradufu. Gemu iliyokwamishwa na prosesa itanufaika kidogo tu. Prosesa ya Intel N100, inayopatikana katika visanduku vingi vidogo vya mezani, ina njia moja pekee, na RAM iliyochomelewa kwenye ubao huenda tayari inatumia njia zote. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya utendaji na kumbukumbu: kwa kawaida utaona ni nafasi ngapi zimetumika.

Kinachonifurahisha zaidi ni michoro ya Intel Iris Xe ya kompyuta mpakato. Ikiwekewa RAM ya njia moja, mfumo huitaja kuwa UHD Graphics. Ikiongezewa ya pili, chipu ileile hurudishiwa jina lake.