Ukabaila ni nini hasa?

Wengi wakisikia neno ukabaila hufikiria mtu mwenye ardhi kubwa. Haitoshi. Mtu anaweza kumiliki maelfu ya ekari na asiwe kabaila. Kabaila ana haki hata juu ya shamba la mwenzake.

Tazama kijiji cha Ufaransa kabla ya 1789. Mkulima aliweza kuwa na kishamba chake, akakirithi, hata akakiuza. Ila mavuno yakiiva, mara nyingi fungu lilikwenda kwa bwana. Vijiji vingi vililazimika kusaga nafaka kwenye kinu cha bwana, kwa malipo. Kero iliyonigusa mimi zaidi ni njiwa: bwana anawafuga, wanashuka shambani kudonoa mbegu zilizomwagwa asubuhi, na mkulima haruhusiwi kuwaua.

Duke d'Aiguillon, aliyezaliwa 1761, alikuwa miongoni mwa makabaila matajiri kuliko wote nchini humo, na mbunge pia. Julai 1789 wakulima walivamia majumba ya mabwana na kuchoma madaftari yaliyoorodhesha madai ya mabwana kwa wakulima. Usiku wa Agosti 4, bungeni Versailles, Noailles, mtoto wa ukoo mkubwa asiye na ardhi ya maana, alipendekeza haki hizo zikomeshwe. D'Aiguillon akasimama kumuunga mkono. Kwangu mimi sauti ya huyu wa pili ndiyo iliyokuwa na uzito, maana mali iliyotajwa ilikuwa yake.

Lakini angalia masharti aliyoweka: mkulima ajikomboe kwa kulipa mara 30 ya malipo ya mwaka mmoja. Bunge likatangaza kuwa limeuvunja ukabaila wote, kisha likazigawa haki za mabwana mafungu mawili: za kufutwa bure na za kukombolewa kwa fedha. Utwana ulifutwa bila fidia. Fungu la mavuno likaendelea kudaiwa hadi likombolewe. Sheria ya Mei 1790 ilishusha bei, mara 20 kwa malipo ya fedha na 25 kwa ya mazao. Mkulima wa kawaida angezitoa wapi? Wengi waligoma kulipa. Kwa njiwa angalau walipata nafuu ya haraka: sasa bwana alitakiwa kuwafungia kwa msimu, na msimu huo ukifika, njiwa atakayeonekana shambani ni halali ya mwenye shamba kumuua.

Madai yote yalifutwa bila fidia Julai 17, 1793. D'Aiguillon hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amekimbia nchi tangu 1792, na alifia Hamburg mwaka 1800.