Redio kuwa ya mtu binafsi haiifanyi kuwa huru

Limenifikia tena pendekezo lile lile la utafiti. Aya ya kwanza: enzi za chama kimoja vyombo vya habari vilikuwa vipaza sauti vya serikali na wananchi walikuwa wapokeaji tu. Aya ya pili: 1992 vikaja vyama vingi, zikafuata redio na televisheni za watu binafsi, wananchi wakapata sauti. Aya ya tatu inaomba fedha. Kila mwaka jina la mwandishi linabadilika, ila mshale ni ule ule, kutoka gizani kwenda kwenye nuru.

Yaliyo rahisi niyamalize haraka. Tanzania ni nchi ya baada ya ujamaa kama zilivyo Poland na Hungary, ingawa vitabu vingi vya fani yetu, ya masomo ya vyombo vya habari, huishia Ulaya Mashariki. Kati ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza ujamaa, na Azimio la Zanzibar la 1991, lililoulegeza, kuna mengi ya kusoma. (Ibara ya 3 ya Katiba, kwa taarifa yenu, bado inasema nchi hii ni ya kijamaa. Hata hiyo "baada" ina mgogoro, lakini tusonge.) Ni kweli RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam ya serikali, ilitamba peke yake Bara, The Standard lilitaifishwa 1970, Shihata, shirika la habari la serikali, ikaanzishwa 1976, na Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Hayo hayana ubishi.

Ubishi wangu unaanzia kwenye "wapokeaji tu". Chukua kampeni ya afya ya redioni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyoshirikisha watu wazima karibu milioni 2. Kikundi kinakaa kuzunguka redio, kipindi kikiisha mmoja anasoma kurasa za kitabu kwa sauti, wanajadili maji yanayotuama nyuma ya nyumba na choo ambacho hakipo, wanaazimia, kisha wanashika majembe. Nitajieni kipindi kimoja cha asubuhi cha redio binafsi leo ambacho wasikilizaji wake wakimaliza kusikiliza wanachimba kitu.

Msinielewe vibaya, sina hamu ya kurudi huko. Mada zilipangwa Dar es Salaam, na hakuna kikundi kilichopewa nafasi ya kujadili kama watu wanataka kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwishoni mwa mwaka huo huo kuhamia vijijini kukawa amri. Majadiliano ya choo yaliruhusiwa, ya kuhama hayakuruhusiwa, na yote mawili yalipita katika redio moja. Hapo ndipo pa kufanyia utafiti: nani aliruhusiwa kusema nini, wapi, na kwa mtindo gani. Gazeti la Uhuru lilikuwa la chama, na kurasa zake ndizo zilizobeba katuni za kejeli za Chakubanga. Ukiliita kipaza sauti ukaishia hapo, umejinyima data.

Sasa linalonikera hasa. Mwanafunzi akiandika "baada ya 1992", namwuliza: chini ya sheria ipi? Kimya. Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, haikufa pamoja na chama kimoja. Ilivuka nasi kipindi chote cha ruksa na soko huria, ikatumika kulifungia MwanaHalisi 2012, ikalifungia Mwananchi siku 14 na Mtanzania siku 90 mwaka 2013, na haikufutwa mpaka Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo nayo ililetea magazeti leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikatufikia hata sisi wa blogu.

Hapo mwanafunzi huchangamka: "Kwa hiyo mwalimu, ni urithi wa ujamaa!" Taratibu. Sheria hiyo ya 1976 ilichukua nafasi ya ile ya mkoloni ya 1928, ikiwa na damu yake. Mwingereza aliliogopa gazeti la Mwafrika, chama kikaliogopa gazeti lisilo la chama, na serikali ya vyama vingi ikaikuta silaha mezani. Kipi hapo ni cha kijamaa? Ukiipachika kila kufuli lebo ya ujamaa, unamfutia mkoloni hati yake ya mashtaka bila kulipwa.

Halafu fedha. Ulaya Mashariki walilijua hili mapema kwa sababu liliwaumiza waziwazi. Czech walianza kuangalia TV Nova, televisheni binafsi, mwaka 1994 kama sisi na ITV. Mwaka 2013 kampuni ya Andrej Babiš, mfanyabiashara aliyekuwa akiingia kwenye siasa, ilinunua MAFRA yenye magazeti makubwa. Miaka minne baadaye alikuwa waziri mkuu. Hungary 2018, wamiliki walio karibu na chama tawala walikabidhi mamia ya vyombo vyao kwa taasisi moja, KESMA. Vyote vya binafsi. Hakuna aliyetaifisha kitu.

Kwetu mambo hayana kishindo hivyo. Fungua gazeti lolote binafsi siku ya sikukuu ya kitaifa, hesabu kurasa za pongezi kutoka wizara, mamlaka na mashirika ya umma. Kisha nenda kwenye mkutano wa waandishi hotelini, uangalie karatasi ya mahudhurio inavyozunguka: jina, chombo, simu, sahihi. Karatasi hiyo ni ya bahasha, yaani fedha ambazo mwenye mkutano huwapa waandishi. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyotoka tu, huku nauli akijilipia, hahitaji waziri wa kumfungia. Chombo ni cha binafsi, bili analipa mwingine.

Wengine wakifika hapa hurukia upande wa pili: basi hakuna kilichobadilika. Kimebadilika! Sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, lililomfanya Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, lilimalizwa na Bunge, lakini magazeti binafsi yalilishupalia lisizimike. Enzi za Shihata sioni lingepita wapi.

Kuna jambo moja ambalo vitabu hulipaka rangi. Tume ya Nyalali, tume ya Rais iliyokusanya maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi kabla ya 1992, ilikuta asilimia 77.2 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Tafsiri ya kawaida: hofu, au akili zilizotekwa na redio moja. Sawa, lakini kuhusu Ujerumani Mashariki, watafiti Kern na Hainmueller walichapisha 2009 matokeo kwamba walioweza kuangalia televisheni ya Magharibi waliridhika zaidi na utawala wao kuliko wa eneo la Dresden, ambako mawimbi hayakufika. Jioni waliangalia tamthilia na burudani, wakatulia. Kama chombo huru kinaweza kumtuliza mtu chini ya udikteta, nina ushahidi gani kwamba redio moja ndiyo iliyozaa ile 77.2? Huenda wengine walikitaka chama kimoja kwa sababu zao wenyewe, walizozijadili barazani na shambani. Sina namna ya kutenganisha jibu la hofu na jibu la imani katika maoni yaliyotolewa mbele ya tume ya Rais, na sijamwona aliyelitenganisha akanishawishi.