Ritriva si askari wa geti, na mengine tunayoyakosea

Jumamosi moja Nalongo (ndivyo tunavyomwita mama wa pacha), jirani yangu hapa Kira, karibu na Kampala, alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Simba, Labrador wangu mweusi, alikuwa anakatiza uwanja na kifaranga wa Nalongo mdomoni. Alikuja moja kwa moja hadi miguuni pangu, akaketi, akainua kichwa. Nikakinga kiganja. Kifaranga akatoka amelowa mate chapachapa, analia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, lakini hana hata mkwaruzo. Nalongo akamgeuza huku na huku, akampuliza, akaniuliza: "Baba, huyu mbwa ni mjinga ama ni mwerevu?"

Ni fundi wa kazi ambayo sisi hatuna. Na karibu kila kosa tunalolifanya kuhusu mbwa hawa linaanzia kwenye kutoijua kazi hiyo.

"Ni mkubwa, kwa hiyo ni mlinzi"

Kampala mbwa ni askari asiyedai mshahara. Mtu akisikia Labrador dume hufika kilo 30 na zaidi, anaanza kuhesabu wezi watakaoruka ukuta kukimbia.

Jina lenyewe, ritriva, wanaloitwa Labrador na Golden, maana yake ni mrudishaji. Mwindaji wa ndege huko Uingereza, karne ya 19, alitaka mbwa wa kukaa kimya ubavuni pake bunduki ikilia, asishtuke, asigombane na mbwa wa wenzake. Bata akianguka kwenye matete au maji ya baridi, mbwa atumwe, amtafute, amlete bila kumtafuna, amweke mkononi. Ndege aliyetobolewa na meno hana kazi mezani. Kwa hiyo walizalishwa wale wenye mdomo laini na hamu ya kutumwa, na waliotafuna hawakuachiwa kuzaa.

Sasa ondoa bunduki, ondoa bata. Anabaki mbwa asiyetishwa na kelele za watoto, asiye mwepesi wa kutumia meno, anayemtazama mtu usoni kungoja aambiwe afanye nini. Ndiyo sababu Labrador aliongoza orodha ya mbwa waliosajiliwa Marekani tangu 1991 hadi 2021, na ndiyo sababu yeye na Golden hutumiwa sana kuwaongoza vipofu. Sifa hizo hizo ndizo zinazomwangusha kwenye ulinzi. Simba hubweka geti likigongwa, na sauti yake ni nzito kweli, inatia adabu. Ukishaingia anakuletea ndala. Anayetaka mbwa wa kumng'ang'ania mwizi mguu atafute wa aina nyingine.

"Kazaliwa mpole, hana haja ya kufundishwa"

Hili ndilo linaloniuma. Mzee mmoja ninayemfahamu alinunua Golden mdogo kwa hela nyingi, akamjengea banda zuri nyuma ya nyumba, akamfunga mnyororo mchana na kumfungulia usiku, kama alivyowafanyia mbwa wake wote tangu ujana. Mwaka na nusu baadaye mbwa alikuwa akiwarukia watoto hadi wanaanguka, na mtu akipita karibu na bakuli lake ananguruma. Mzee akasema ameuziwa feki.

Hakuuziwa feki. Mnyama aliyezalishwa kufanya kazi bega kwa bega na binadamu, ukimwacha anatazama ukuta kutwa nzima, lazima ataharibika. Upole wake ni mtaji tu. Wiki za mwanzo, hasa kuanzia ya 3 hadi kama ya 14, ndizo mtoto wa mbwa anazojifunza kipi ni cha kawaida duniani: watoto wanaopiga kelele, boda boda, mwavuli unaofunguka ghafla, mgeni mwenye kofia. Asipoyaona wakati huo, atayaogopa baadaye, na woga ndio mzazi wa kung'ata. Ritriva hung'ata pia. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata awe na uso wa malaika, na mbwa anayekula aachwe ale.

Halafu jiandae na viatu. Kwa kuwa mdomo ndio mkono wake, ataguguna kila kitu katika mwaka wa kwanza, na wengine hadi wa pili. Mpe kitu cha kwake cha kubeba. Kumkataza tu hakufui dafu.

"Golden walitoka kwenye sarakasi ya Urusi"

Hadithi tamu, na ilivuma miaka mingi: eti bwana mkubwa mmoja alinunua kundi zima la mbwa wa sarakasi. Daftari za mwenyewe, Lord Tweedmouth wa Uskochi, zilipotangazwa mwaka 1952 zilionyesha vingine. Mwaka 1868, kwenye shamba lake la Guisachan, alimpandisha jike aitwaye Belle, spanieli wa majini, na dume wa rangi ya manjano aitwaye Nous. Hapo ndipo ukoo wa Golden ulipoanzia. Labrador naye mizizi yake iko kisiwa cha Newfoundland, Kanada, kwa wavuvi waliowatumia mbwa kuvuta kamba na kuwafuata samaki walioponyoka. Waswahili wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu hahitaji hata kuuona. Ila ukimpeleka Ziwa Victoria kumbuka mamba, ambao hawaangalii ukoo.

"Manyoya yale ni ya Ulaya, mnyoe apumue"

Usimnyoe. Yana tabaka mbili, na la juu humkinga na jua pia. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, kwa hiyo mpe kivuli na maji, na matembezi yawe asubuhi na jioni. Wakati wa joto, mkono wako ufanye kazi ya kutafuta kupe: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Kupe wanaleta homa zinazoua.

"Akila sana ndiyo afya"

Nilidhani Simba wangu hajashiba, nikamwongezea posho, yaani ugali, na mukene, dagaa wetu wa ziwani, mpaka daktari wa mifugo akaniambia nipitishe vidole ubavuni nitafute mbavu. Sikuzipata. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, na wenye nayo huwa na hamu kubwa ya chakula. Macho yale ya kuombaomba si ushahidi wa njaa. Na uzito unaumiza nyonga, ambazo kwa mbwa hawa ni dhaifu tayari.

"Hatoki nje ya ukuta, chanjo ya nini?"

Kichaa cha mbwa hakibishi hodi. Mbwa koko hupenya chini ya geti. Chanjo ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja ambalo silihesabu kuwa dhana potofu. Jirani Mwislamu wa Kishafii anayeosha mara saba, moja kwa udongo, alipoguswa na mate ya mbwa, ana haki ya kutomtaka mbwa anayelamba kila mgeni. Ritriva atamlamba. Mfungie mbwa jirani akija.

"Wa kienyeji hawezi kuwa wa familia"

Nenda Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni kwa bomu alilolichimbua akilima, alianzisha The Comfort Dog Project, na huko watu walioumizwa na vita vya kaskazini hupewa mbwa wa kuishi nao na kufundishwa pamoja. Si mbwa wenye vyeti vya ukoo. Ni hawa hawa wetu wa rangi ya udongo, waliotupwa.

Mwezi uliopita Nalongo alichukua mmoja, wa kike, miguu myeupe. Akaja kuniuliza banda aliweke wapi. Nikamwambia karibu na mlango wa jikoni, awasikie watoto. Ameweka hapo, na pacha wake wamemwita Sukari. Vifaranga lakini anawafungia.